Diwani Aliyekata Miti Yake Mwenyewe

Kuna watu wema wanaochosha kuliko wabaya. Diwani wetu alikuwa mmoja wao. Nilikaa naye chumba kimoja miaka mitano, yeye akisema nami nikiandika, kwa hiyo mtu asinifundishe subira. Nilikuwa karani wa kamati katika baraza la mji mdogo uliozungukwa na chai pande zote, si mbali sana na Kapsoit. Kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu za mikutano. Kazi yake, kwa jinsi nilivyoielewa mimi, ilikuwa kuhakikisha mikutano hiyo haiishi.

Jina lake sitalitaja, na hata mjini halikutumika. Madiwani walikuwa kumi na wawili, lakini ukisema Diwani, kila mtu alijua unamsema yule wa gambuti.

Gambuti hizo alizivaa hata kwenye mkutano mkuu wa baraza. Juu alikuwa na suti ya kijivu na tai, chini buti ndefu za mpira mweusi zenye tope la asubuhi hiyo hiyo. Meya alimwandikia barua juu ya mavazi ya heshima. Niliipiga chapa mimi. Akajibu kwa kurasa tatu, akieleza kwamba kata yake haina lami hata hatua moja, na kwamba diwani mwenye viatu safi aulizwe amelala wapi. Akataka barua yake isomwe mkutanoni na iingizwe kwenye kumbukumbu. Ikasomwa, ikaingizwa, na siku hiyo sikula chakula cha mchana.

Kila mkutano ulianza kwa kusahihisha kumbukumbu za mkutano uliopita, na hapo ndipo alipokuwa akinimaliza. Wenzake waliinua mikono, wakathibitisha, wakataka chai iletwe. Yeye alitoa miwani, akafungua ukurasa aliokunja pembe. "Karani, hapa umeandika nilisema mto umechafuka kidogo. Mimi sikusema kidogo." Nilijua hakusema kidogo. Nililiweka neno hilo mwenyewe ili Karani wa Mji, aliyekuwa bosi wangu, asinirudishie karatasi. Ilibidi nifute mbele ya watu kumi na wawili, huku bosi akinitazama juu ya miwani yake kana kwamba mimi ndiye niliyemchagua mtu huyu.

Nje ya ukumbi hakuwa na nafuu. Miaka ile hapakupita Jumamosi bila harambee, ya kanisa au ya kumpeleka mtoto wa fulani chuoni. Mnajua mambo yalivyokuwa: wageni wa heshima wanakaa mbele, kila mmoja anatoa chake, msemaji anakitangaza kwa kipaza sauti, na watu wanapiga makofi kulingana na uzito wa bahasha. Diwani alikuja na miche. Miche ya miti ya kienyeji, tebeswet na mingine, aliyoiotesha ndani ya pakiti za maziwa zilizokwisha tumika. Msemaji alichungulia ndani ya pakiti moja, kisha akarudi kwenye kipaza sauti. "Mheshimiwa Diwani ametoa... miche arobaini." Watu wakacheka hadi wakafuta machozi. Yeye alisimama akangoja kicheko kiishe, kisha akauliza ni nani atakayeimwagilia. Alikuwa hataki kuketi mpaka mtu ajitokeze. Niliwahi kujitokeza mimi, kwa sababu jua lilikuwa kali na nilitaka kwenda nyumbani, na kwa mwaka mzima uliofuata aliniuliza habari za miche ile kama vile niliacha watoto wachanga hospitalini.

Alikuwa na msemo mmoja alioupenda mno. Vyama vingi vilikuwa vimerudi juzijuzi, na watu walisalimiana kwa kuangalia vidole: ukionyesha kimoja uko huku, ukionyesha viwili uko kule, na ukikosea mahali unaweza kurudi nyumbani umevimba. Yeye aliinua ngumi, hakuna kidole, akasema, "Maji haina kadi ya chama." Msemo ni mzuri. Lakini usikie mara mia tatu, tena wakati ajenda ni ukarabati wa choo cha soko, ndipo uniambie kama bado ni mzuri.

Halafu usidhani alikuwa malaika. Alikuwa na Land Rover kuukuu iliyotoa moshi mweusi hata watu wa stendi wakafunga madirisha ikipita. Nilipomwambia kwamba gari hilo linamuumbua, alijibu kwa utulivu kabisa kwamba alitembea kwa miguu miaka ishirini na sita, kwa hiyo ana akiba ya hewa safi ambayo bado hajaimaliza. Alikataza watu wasivunje hata tawi kando ya mto, lakini kibuyu cha mursik yake, maziwa ya mgando, kilikuwa lazima kipakwe ndani majivu ya kijiti fulani alichokikata mwenyewe papo hapo mtoni. Alisema kijiti si mti. Alikuwa mgumu wa kuomba radhi na mwepesi wa kutoa mhadhara, na kama ulikohoa kwa moshi wa gari lake alikueleza juu ya mapafu.

Lakini kosa lake kubwa lilikuwa jingine, na alilitangaza mwenyewe.

Chini ya mji wetu kulikuwa na bonde lenye kinamasi, na pembeni mwa kinamasi chemchemi. Watu wa soko walichota pale, na familia za wachuma chai wa nyumba za kampuni zilizokuwa ng'ambo zilichota pale. Mama yangu alichota pale mpaka alipofariki. Miaka ya themanini, serikali ilipowahimiza watu wapande miti, Diwani, kabla hajawa diwani, alikusanya vijana wa kanisa akapanda blugamu, yaani mikaratusi, bonde zima. Alipewa cheti. Miti ikaota kama imetukanwa. Ndani ya miaka kumi kinamasi kilikuwa kimekauka mpaka ng'ombe wakawa wanapita katikati bila kuchafua kwato, na chemchemi ikawa ya kudondosha tu. Akina mama walipanga mitungi kuanzia alfajiri.

Mtu mwingine angenyamaza. Yeye alisimama katika mkutano wake wa kwanza kabisa kama diwani, akasema, "Hii miti inakunywa maji. Na ni mimi nilipanda. Nilikosea." Madiwani wakacheka. Kwao, bonde lilikauka kwa sababu ya ukame. Mti kunywa chemchemi! Miaka miwili aliendelea kuomba blugamu zikatwe, na miaka miwili niliandika, "Hoja ilitupiliwa mbali." Akina mama waliookota kuni chini ya miti ile walimzomea sokoni: diwani wa miti anataka kukata miti. Ilifika mahali nikawa naandika jibu kabla hajamaliza kuuliza.

Sasa nifike kwa baba yangu.

Baba alitoka Vihiga akiwa kijana, akachuma chai ya kampuni maisha yake yote, akaishia kuwa nyapara. Tulizaliwa katika nyumba ya kampuni, chumba kimoja na jiko. Nyumba hiyo ni yako mradi mkono wako ungali unachuma. Siku unapostaafu unakabidhi ufunguo. Vihiga, kipande cha babu kilikuwa kimegawanywa kwa ndugu mpaka kaburi lenyewe lilitafutiwa nafasi. Baba alikuwa amebakiza mwaka na kitu. Hakulalamika. Alianza tu kupanga vitu vyake ndani ya sanduku la bati, akavipangua, akavipanga tena, na mimi nilikuwa nikimwona nikakosa usingizi. Nilikuwa nataka kitu kimoja duniani: baba asife akiwa mpangaji.

Ndipo baraza likaamua kulikata lile bonde lililokauka kuwa ploti arobaini. Orodha ya watakaopewa iliandaliwa na Karani wa Mji. Walikuwemo wake wa madiwani, shemeji zao, dereva wa Meya. Na kwa kuwa karani wa kamati huona mengi, bosi aliniita akaniuliza kwa sauti ya upole nataka kuandika jina gani kwenye nambari kumi na saba. Nikaandika la baba. Sikusita hata kidogo, na sitajifanya nilisita.

Diwani aliipata ile orodha, sijui kwa njia gani. Alikuja mezani kwangu siku moja kabla ya mkutano mkuu, akaweka kidole penye kumi na saba. "Huyu si mzee wako?" Nikasema ndiye. Akauliza anastaafu lini. Nikamwambia. Akakunja karatasi akaondoka bila mhadhara, na hilo peke yake lingenishtua.

Kesho yake alisimama, akavaa miwani, akaanza kusoma orodha nzima kwa sauti, jina na uhusiano. Nambari moja, mke wa nani. Nambari mbili, shemeji ya nani. Wananchi waliokuwa wamekaa viti vya nyuma walianza kunong'ona. Kwa mara ya kwanza nilimwona anashinda. Akafika kumi na sita, akasema kumi na nane.

Karani wa Mji alikuwa akifuatisha kwa kalamu. "Mheshimiwa, umeruka moja."

"Nimesoma yale nataka kusoma."

Bosi akaisoma mwenyewe, kwa raha, jina la baba, akaongeza, "baba mzazi wa huyu msichana, karani wetu hapa." Wakacheka, wananchi nao wakacheka, na ikaishia hapo. Diwani msafi naye ana mtu wake wa kumficha. Ploti zikapitishwa. Kabla ya saa kumi mji mzima ulijua kwamba mimi ni mpango wake wa kando.

Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Hakumsaza Meya, hakumsaza mchungaji, hakumsaza hata binamu yake aliyelima mpaka ukingoni mwa mto; iweje anisaze mimi, tena mbele ya watu? Kama angenisoma pamoja na wengine, ningeaibika siku moja. Kwa kuniruka aliniachia aibu ya miaka.

Mke wake alikuja ofisini wiki iliyofuata. Mama mnene, mpole, na kibuyu cha mursik mkononi. Aliketi mbele yangu, akanitazama kutoka nywele hadi viatu, akaninywesha kikombe kizima. Halafu akasema, "Nilikuja kuona tu. Huyu mzee hana hiyo nguvu. Nguvu yake yote iko kwa miti." Akachukua kibuyu chake akaenda.

Baada ya hapo Diwani akatulia. Tulidhani ameshindwa. Katika mkutano uliofuata alileta hoja ya mstari mmoja: blugamu za bondeni zikatwe, kuni zipelekwe shule na hospitali. Hakutaja maji. Hakutaja chemchemi. Alisema chini ya dakika moja, akaketi. Madiwani walishangilia, maana ploti zao zilihitaji kusafishwa na hapa kuna mtu anajitolea kuzisafisha. Meya akampongeza kwa kukomaa kisiasa. Nami niliyemwandika miaka mitatu, niliyejua kwamba mtu huyu hawezi kuomba chumvi bila utangulizi, nikaandika, "Hoja ilipitishwa kwa kauli moja," nikafurahi kwamba tutakwenda nyumbani mapema.

Miti ikaanguka. Blugamu hata ukiikata huchipuka tena kisikini, basi kila wiki ungemwona bondeni na panga, gambuti miguuni, akifyeka machipukizi na kufukia visiki kwa udongo. Watu walisema amerukwa na akili. Mimi nilisema amepata kazi inayomfaa.

Baba alipobakiza mwezi, Diwani alikuja tena mezani kwangu. Hakuketi.

"Karani. Usimjengee mzee mwaka huu. Ngojea mvua moja kubwa ipite."

"Kwa nini?"

Alizungusha kofia mkononi. "Ngojea tu."

Mtu aliyeandika kurasa tatu kuhusu gambuti alinipa maneno mawili kuhusu nyumba ya baba yangu. Nikaamua kwamba bado anapigana na ile orodha, na kwamba anataka mimi niwe wa kwanza kuacha ploti. Kampuni ilikuwa inataka ufunguo wake. Nilijenga. Nyumba ya mabati ya vyumba viwili, sakafu ya saruji, mlango wa bluu aliouchagua baba. Siku aliyohamia alikaa kizingitini mchana wote, akiwasalimia wapita njia ambao hakuwajua.

Katika ploti arobaini, ni nyumba yetu tu iliyosimama. Wakubwa hawakuwa na haja ya kujenga. Walikuwa wanangoja bei ipande wauze.

Mwaka wa tisini na saba mvua ya El Nino ikaja. Maji hayakutoka juu peke yake, yalitoka chini, kupitia sakafu, polepole kama jasho. Kwa siku tatu tulichota kwa ndoo. Siku ya nne ukuta wa nyuma ukainama, na baba akatoka na sanduku lake la bati kichwani, maji yakiwa magotini. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa sauti. Mvua ilipopungua, kinamasi kilikuwa kimerudi mahali pake na vyura wake, na chemchemi ilikuwa ikitoa maji manene kama mkono wa mtu mzima. Barua za ploti zikawa karatasi za kufungia sukari. Mwishoni mwa mwaka huo huo kukawa na uchaguzi, na Diwani akashindwa vibaya. Waliochota maji yake walimpigia kura mwingine, kwa sababu ya karani wake, kwa sababu ya miche, kwa sababu ya vidole ambavyo hakuinua.

Ni yeye aliyekuja na Land Rover yake ya moshi kumchukua baba. Aling'oa mistari minne ya chai yake juu ya mlima, akampa baba mahali pa kujenga, na akaandikiana naye mbele ya wazee. Miaka hiyo ya watu kufukuzana kwa ukabila, kumpa mtu wa nje kona ya shamba halikuwa jambo dogo, na wapo wa ukoo wake waliokoma kumsalimia. Mimi sikutaka kupokea. Baba akaniambia, "Mama, wewe unataka kukasirika au unataka mimi nilale?" Nikambebea sanduku lake la bati.

Wakaelewana kupita kiasi. Baba alimkuta Diwani anachuma majani yaliyokomaa na vijiti ndani, akamnyang'anya kikapu. Mtu aliyesahihisha baraza zima sasa alisahihishwa kila asubuhi na nyapara mstaafu. Alikubali kila neno, jambo ambalo mimi sikuwahi kulipata kwake hata mara moja.

Mwaka wa tisini na tisa nilikwenda kumwona baba nikawakuta wote wawili shambani. Baba akaingia ndani kuteleka chai. Nikabaki na Diwani katikati ya mistari. Alikuwa amekonda. Nilikuwa nimelibeba swali langu karibu miaka miwili, na nilikuwa nimechoka nalo.

"Ulijua maji yatarudi," nikamwambia. "Ndiyo maana ulikata ile miti."

Aliendelea kuchuma. "Nilijua."

"Wakubwa walikuwa na karatasi. Baba yangu alikuwa na nyumba. Katika wote wale, maji yako yalimfukuza mtu mmoja."

"Mmoja," akakubali. "Hiyo nafikiri kila siku."

"Ungeniambia sababu. Ulikuja mezani kwangu ukaniambia ngoja tu. Ngoja tu!"

Hapo akaacha kuchuma. Akanigeukia, na nikajiandaa kwa mhadhara.

"Karani," akasema, "ningekuambia, ungefanya nini?"

Nilifungua kinywa kusema kwamba ningenyamaza. Kisha nikamwona baba na sanduku lake mlangoni mwa nyumba ya kampuni, akipanga na kupangua. Nikaona mlango wa ofisi ya bosi, hatua nane kutoka mezani kwangu. Neno moja tu, na wangemzuia kufyeka machipukizi, blugamu zingesimama tena, sakafu ya baba ingebaki kavu, na mitungi ingepangwa tangu alfajiri hadi leo.

"Ningewaambia," nikasema.

"Na mimi ningewaambia," akajibu, "kama ni baba yangu."

Akarudi kwenye chai yake, akachuma majani mawili na chipukizi, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa. Baba akaita kutoka ndani kwamba vikombe viko tayari. Tukaenda, yeye mbele na gambuti zake, mimi nyuma, nikitafuta njia nzima jambo la kumlaumu nisilipate, na hilo liliniudhi kuliko yote aliyowahi kunifanyia.